Je, ni salama kufuta faili za usakinishaji za programu ya kukinga virusi?

DISKI ya tarakilishi inapojaa, mtumiaji huanza kusaka cha kufuta. Katika maduka ya kuchapisha hati katikati ya jiji la Nairobi na katika mikahawa ya intaneti ya Kangemi na Kawangware, ambako mashine za mitumba zenye diski ndogo si jambo geni, folda ya faili za usakinishaji za programu ya kukinga virusi huwa miongoni mwa zinazotupiwa macho kwanza, kwani yaweza kumeza mamia ya megabaiti.

Usalama wa kuzifuta hutegemea aina ya faili zenyewe.

Zinazoweza kufutwa

Faili iliyopakuliwa ili kusakinisha programu, ambayo aghalabu hukaa katika folda ya Downloads, haina kazi tena usakinishaji ukikamilika. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti nchini ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya polepole. Kuhifadhi faili hiyo kulikuwa busara. Siku hizi nakala ya zamani haina faida kubwa, maadamu toleo jipya hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Vilevile, faili za muda zilizo katika folda ya Temp zaweza kufutwa baada ya tarakilishi kuzimwa na kuwashwa upya.

Zisizofaa kuguswa

Hali ni tofauti kwa nakala ambazo mfumo hujiwekea. Windows huzihifadhi katika folda iliyofichwa ya C:\Windows\Installer, na baadhi ya watengenezaji huweka zao chini ya C:\ProgramData. Nakala hizo hutumika programu inaporekebishwa, inaposasishwa au inapoondolewa.

Hatari yake ni kwamba madhara hayaonekani papo hapo. Programu huendelea kulinda, kwa kuwa faili zinazofanya kazi hiyo ziko kwingine. Tatizo huzuka siku ya kupandisha toleo au kuiondoa, pale Windows inapotoa hitilafu nambari 1612, yaani chanzo cha usakinishaji hakipatikani. Mabaki yake nayo yaweza kuzuia programu nyingine kusakinishwa. Kwa duka linalopokea diski za flashi za wateja kutwa nzima, na ambako watu hufungua akaunti zao za KRA na eCitizen, kinga iliyokwama ni hatari kwa mwenye duka na wateja pia.

Aidha, programu nyingi za aina hii hukataa faili zao zifutwe. Si vyema kuuzima ulinzi huo ili kulazimisha. Virusi vilivyowekwa karantini navyo hufutwa kupitia programu yenyewe.

La kufanya

Nafasi ikihitajika, ni heri kutumia Disk Cleanup, kuhamisha picha na video, au kuondoa programu zisizotumika kupitia Control Panel.

Aliyekwisha kufuta nakala hizo apakue programu ileile kutoka kwa mtengenezaji na kuisakinisha juu ya iliyopo. Ikikataa, atumie zana maalumu ya kuondolea ambayo watengenezaji wakubwa hutoa bila malipo, awashe mashine upya, kisha asakinishe toleo jipya. Kabla ya yote, hati muhimu zinakiliwe kando.