Unga wa Goa

Leo twapenda kuwaeleza habari za dawa ya ngozi iliyoitwa kwa jina la mji usiokuwa asili yake.

Katika karne ya 19 watu wa Bara Hindi waliugua choa kama sisi tuuguavyo. Dawa yao moja ilikuwa unga wa rangi ya kahawia, ambao waliuchanganya na siki au maji ya ndimu, wakajipaka. Kwa kuwa uliuzwa na wafanyaji biashara wa Goa, mji wa Wareno, uliitwa Unga wa Goa.

Mwaka 1874 Joseph Fayrer, aliyekuwa daktari Calcutta, aliandika habari zake. Habari hizo zilifika Bahia, katika nchi ya Brazili, kwa daktari José Francisco da Silva Lima. Yeye akatambua mara moja kuwa unga huo ndio araroba, dawa ya kwao. Brazili nayo ilikuwa ya Wareno mpaka mwaka 1822, na kwa njia ya biashara yao dawa ilikuwa imevuka bahari, lakini jina lake halikuvuka nayo.

Araroba hupatikana ndani ya nyufa za shina la mti mkubwa wa mwituni. Wakataji waliuangusha mti, wakaupasua, wakaukwangua unga. Vumbi lake liliwachoma macho na nyuso.

Mwaka 1876, huko London, daktari Balmanno Squire aliona mgonjwa aliyejipaka unga huo akidhani ana choa. Kumbe ugonjwa wake ulikuwa soriasisi, yaani mabaka mekundu yenye magamba meupe, nayo yakapungua. Tangu hapo krisarobini, dawa iliyotolewa katika unga huo, ikasifiwa sana, ijapokuwa ilitia nguo madoa na kuchoma ngozi nzima.

Vita vya 1914 vilipoizuia isifike Ujerumani, madaktari Galewsky na Unna walitangaza mwaka 1916 dawa ya kiwandani iliyofanana nayo, ambayo baadaye iliitwa ditranoli. Krisarobini ikaachwa, ditranoli ikashika mahali pake.

Basi tusiamini upesi jina lililoandikwa juu ya kopo. Jina la dawa hutoka dukani. Asili yake humjua aliyeuona mti.