Rangi na Mwanga Dhidi ya Bakteria

Uuaji wa vijidudu kwa rangi na mwanga uligunduliwa Munich, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari chini ya Profesa Hermann von Tappeiner, alikuwa akipima sumu ya rangi iitwayo akridini kwa paramesia, viumbe wa majini wenye seli moja. Aliona kwamba penye mwanga walikufa upesi, lakini gizani waliendelea kuishi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900. Miaka michache baadaye, von Tappeiner na Albert Jodlbauer walionyesha kwamba oksijeni nayo ni lazima.

Siku hizi inafahamika kwa nini. Rangi hujishika kwenye bakteria, na ikipigwa na mwanga unaoifaa, huihamishia oksijeni iliyo karibu nguvu ya mwanga huo. Oksijeni hiyo huwa kali, ikaunguza utando, protini na vinasaba vya bakteria kwa wakati mmoja. Kwa kuwa shambulio huja kutoka pande nyingi, ni vigumu bakteria kujenga usugu.

Miaka ileile ya kazi ya Raab, Niels Finsen wa Copenhagen alitibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga bila rangi, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Hata hivyo, penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, tiba za mwanga dhidi ya maambukizi ziliwekwa kando.

Usugu wa bakteria dhidi ya dawa ndio uliozirudisha. Katika miaka ya 1990, Michael Wilson na wenzake jijini London waliua bakteria wa kinywani kwa rangi na leza. Huko Vancouver, Kanada, wagonjwa zaidi ya 3,000 waliosubiri upasuaji walipakwa puani rangi iitwayo methilini buluu, kisha wakamulikwa mwanga mwekundu; pia miili yao ilipanguswa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha maambukizi ya vidonda vya upasuaji yakishuka kutoka asilimia 2.7 hadi 1.6.

Mpaka wa tiba hii ni kina: mwanga haufiki mbali mwilini, kwa hiyo haiwezi kutibu maambukizi yaliyosambaa katika damu. Inafaa puani, kwenye fizi, ngozi na vidonda, na kila maambukizi yanayozuiwa huko huokoa dozi ya antibayotiki kwa mgonjwa asiye na tiba nyingine.