Uzimuaji wa Hisa

Desemba 2020 kampuni ya Helium One, inayotafuta gesi ya heli katika Bonde la Rukwa, iliorodheshwa AIM, soko la London la kampuni changa, kwa bei ya peni 2.84 kwa hisa moja. Miaka 3 baadaye, Desemba 2023, kampuni hiyohiyo iliuza hisa mpya zaidi ya bilioni 2 kwa robo peni kila moja, ili ipate fedha za kuchoronga kisima cha Itumbula. Mwanzoni mwa 2024 ikatangaza kwamba heli imefika juu ya ardhi kutoka kisima hicho. Mwekezaji aliyenunua siku ya kwanza na asiuze hata hisa moja alikipata alichokuwa akikingoja. Lakini hisa zake, ambazo idadi yake haikuwa imebadilika, sasa zilikuwa sehemu ndogo sana ya kampuni ukilinganisha na siku alipozinunua.

Jambo lililompata mwekezaji huyo lina jina katika taarifa za kampuni za Kiingereza: dilution. Kwa Kiswahili bado tunapapasa. Nimekutana na tafsiri tatu, na ningependa kuitetea moja, kwa sababu anayekosea jina la jambo hili hukosea pia hesabu yake.

Tafsiri ya kwanza ni kupungua kwa hisa. Ndiyo inayokuja mdomoni upesi, na ndiyo inayopotosha zaidi. Mwenye hisa 100,000 akiambiwa zimepungua, atakwenda kwa dalali wake, ataonyeshwa hisa 100,000 zilezile, na ataondoka akiamini hakuna kilichotokea. Tatizo linaanzia kwenye neno hisa lenyewe, ambalo sisi tunalitumia kwa vitu viwili: kipande kinachouzwa sokoni, na sehemu ya mtu katika mali ya pamoja. Vipande havipungui, sehemu ndiyo inayopungua. Katika makala hii kipande nitakiita hisa, na sehemu nitaiita fungu, ili vitu hivi visichanganyike tena.

Tafsiri ya pili ni kufifisha. Wapo wanaoitumia wanapozungumzia hisa za Serikali katika migodi, kwamba ni hisa zisizofifishwa. Ni neno zuri kwa sikio. Lakini kufifia ni kwa rangi ya khanga iliyoanikwa juani, au kwa nuru ya taa inayoishiwa mafuta. Ni jambo linalokuja polepole, na mara nyingi halina mtendaji. Fungu la mwekezaji halififii kwa muda. Linapunguzwa siku moja inayojulikana, kwa uamuzi wa bodi inayojulikana, kwa kutoa hisa mpya kwa bei inayojulikana. Tukisema limefifia, mtendaji anatoweka kwenye sentensi.

Ya tatu ni kuzimua. Kuzimua ni kupunguza ukali wa kitu kwa kukiongezea kingine, hasa maji. Chai iliyokolea kupita kiasi huzimuliwa, na asidi kali ikitiwa maji imezimuliwa. Hakuna kilichotolewa ndani ya chombo. Majani ya chai ni yaleyale, lakini kilichoongezwa kimefanya kila kikombe kiwe chepesi zaidi. Ndicho hasa kinachotokea kwenye daftari la wanahisa. Tena kitenzi hiki kinadai mtendaji: lazima awepo mtu aliyetia maji. Najua mtaani neno hili linatumika pia kwa anayekunywa asubuhi ili kutuliza ulevi wa jana. Maana ni ileile ya kupunguza makali, na sioni sababu ya kulitupa neno kwa ajili ya hilo.

Linanyumbulika vizuri pia. Tendo ni uzimuaji. Mwanahisa huzimuliwa. Hisa zinazolindwa na sheria dhidi ya jambo hili ni hisa zisizozimulika, na nitazirudia baadaye kwa kuwa ndizo zinazotuhusu zaidi Watanzania.

Kuna sababu moja zaidi ya kulichagua, nayo inatoka mgodini. Neno lile la Kiingereza wahandisi wa migodi wanalo pia, kwa maana tofauti. Mbale, yaani mwamba wenye madini, inapolipuliwa, mwamba mtupu wa pembeni huanguka pamoja nayo, na vyote viwili hubebwa hadi kinuni. Mkanda uliokuwa na gramu 5 za dhahabu kwa tani unafika kinuni ukiwa na gramu 4. Dhahabu haijapotea, imechanganywa na mawe yasiyo na kitu. Huo ni uzimuaji wa mbale. Mwekezaji anayesoma upembuzi yakinifu wa mgodi atakutana na neno hilo mara mbili katika waraka mmoja, kwenye sura ya uchimbaji na kwenye sura ya mtaji. Kufifisha mbale hakuna maana yoyote. Kuzimua mbale kunaeleweka mara moja, na kinyume chake kipo tayari: mbale iliyokolea.

Kwa nini kampuni za utafutaji huzimua wanahisa wake zaidi kuliko kampuni nyingine? Benki ikitaka kuongeza mtaji hufanya hivyo mara chache katika miaka mingi. Kiwanda cha saruji kina mauzo, na kikihitaji mashine hukopa. Kampuni inayotafuta madini haina cha kuuza. Ina leseni ya utafutaji, ramani, masanduku ya sampuli za miamba, na dhana ya mjiolojia. Benki haikopeshi juu ya dhana. Uchorongaji ni ghali, maabara inadai malipo, leseni ina ada ya kila mwaka, na mishahara haisubiri matokeo. Mlango uliobaki ni kuuza hisa mpya, kisha nyingine, kisha nyingine, hadi madini yapatikane au wanunuzi waishe. Uzimuaji ndio mafuta ya gari hili. Anayenunua hisa za kampuni kama hiyo akitumaini hatazimuliwa, hajaelewa alichonunua.

Wachimbaji wadogo wa Geita au Chunya hawahitaji kufafanuliwa hili kwa muda mrefu. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, anagharamia chakula, magogo, baruti na mashine ya kuvuta maji, na mawe yakitoka yanagawanywa kwa mifuko. Duara likijaa maji na yeye akaishiwa, anamwingiza mfadhili. Mfadhili anakuja na fedha, na anaondoka na sehemu ya mifuko. Mwenye duara amezimuliwa, na amekubali, kwa sababu fungu zima la duara lililojaa maji ni fungu la maji.

Kwa hiyo swali la mwekezaji haliwezi kuwa kama atazimuliwa. Swali ni kwa bei gani, na hapa inafaa kukaa na hesabu. Tuseme kampuni ina hisa milioni 100, nawe una milioni 1, yaani asilimia 1. Kampuni nzima ina thamani ya shilingi bilioni 10, sawa na shilingi 100 kwa hisa. Bodi inatoa hisa mpya milioni 100. Fungu lako sasa ni nusu ya asilimia, vyovyote iwavyo.

Kama hisa mpya zimeuzwa kwa shilingi 100, kampuni imepokea bilioni 10 taslimu. Thamani yake sasa ni bilioni 20, na nusu ya asilimia ya bilioni 20 ni milioni 100, sawasawa na ulichokuwa nacho. Umezimuliwa kwa fungu, lakini mali yako haijaguswa. Sasa tuseme soko limechoka na hisa mpya zimeuzwa kwa shilingi 20. Kampuni imepokea bilioni 2 tu, thamani yake ni bilioni 12, na fungu lako ni milioni 60. Zile milioni 40 hazikuyeyuka hewani. Zimehamia kwa walionunua kwa shilingi 20 kitu chenye thamani ya 60. Idadi ya hisa zilizotolewa ni ileile katika hali zote mbili. Kilichotofautiana ni bei, na ndiyo maana anayesoma tangazo la hisa mpya na kuangalia idadi peke yake amesoma nusu ya tangazo.

Hata hiyo bei ya shilingi 20 haitoshi kutoa hukumu. Kama bilioni 2 zile zimechoronga mashimo yaliyoifanya kampuni iwe na thamani ya bilioni 60, nusu yako ya asilimia ni milioni 300, na bila fedha zile mashimo yasingechorongwa. Kama zimelipa kodi ya ofisi na posho za wakurugenzi, umetiwa maji matupu. Mimi huangalia kwanza, katika hesabu za mwaka, kiasi gani cha fedha zilizokusanywa kimekwenda ardhini na kiasi gani kimebaki ofisini. Sijui kipimo kingine kinachosema ukweli upesi hivyo.

Masoko huweka mipaka, lakini tusiipe uzito isio nao. Katika soko la Australia, ambako zimeorodheshwa kampuni zenye miradi ya grafiti ya Mahenge na Epanko, kampuni inaweza kutoa hisa mpya hadi asilimia 15 ya mtaji wake katika miezi 12 bila kuwauliza wanahisa, na kampuni ndogo zinaweza kuomba ruhusa ya asilimia 10 zaidi katika mkutano wa mwaka. Mkutano huo wanahisa wadogo wengi hawahudhurii wala hawatumi kura. Ruhusa inapita, na miezi michache baadaye wanashangaa.

Nyumbani tulipata somo la karibu Agosti 2014, Swala Oil and Gas ilipoorodheshwa katika dirisha la kampuni changa la Soko la Hisa Dar es Salaam, baada ya kuuza hisa kwa umma kwa shilingi 500. Ilikuwa kampuni ya mafuta na gesi, si ya madini, lakini hali yake ilikuwa ileile: leseni, tumaini na gharama. Leseni za Kilosa-Kilombero na Pangani iliziendesha kwa ubia na Otto Energy ya Australia na Tata Petrodyne ya India. Hapo kuna uzimuaji wa aina nyingine, usioonekana kwenye daftari la wanahisa. Mbia anapoingia kwenye leseni, hisa mpya haitolewi, na fungu lako katika kampuni halitikisiki. Fungu la kampuni katika ardhi ndilo linalopungua. Ukiwa na asilimia 1 ya kampuni yenye robo ya leseni, una robo ya asilimia ya leseni.

Hesabu hiyo ya ngazi mbili ndiyo inayotufikisha kwenye hisa zisizozimulika. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2017 yanaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni ya uchimbaji, bila kuzilipia, na zisizoweza kuzimuliwa. Ndiyo maana Tembo Nickel, kampuni ya mradi wa nikeli wa Kabanga, ilipoanzishwa mwaka 2021 iligawanywa asilimia 84 kwa mwekezaji na 16 kwa Serikali, na mgawanyo huohuo umerudiwa katika mikataba kadhaa iliyofuata. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 nayo inaipa dola fungu la bure la asilimia 10.

Mimi naunga mkono fungu hilo la umma, na naunga mkono zaidi neno zisizozimulika kuliko tarakimu 16. Fungu la bure linalozimulika lingekuwa zawadi ya siku moja. Mgodi ungeongezewa mtaji mara tatu, Serikali isingechangia, na 16 ingekuwa 4 bila sheria yoyote kuvunjwa. Lakini mwekezaji binafsi ajue kwamba kinga ya mmoja hulipwa na wengine. Kila kampuni ya mgodi inapotoa hisa mpya, Serikali hupewa zake ili ibaki na 16, na maji yote yanaingia katika zile 84. Asilimia 1 ya kampuni mama, leseni ya utafutaji inapogeuka kuwa ya uchimbaji, ni asilimia 0.84 ya mgodi. Hesabu hii ifanywe siku ya kununua, kwa sababu sheria imeshaandikwa na haitamshangaza ila asiyeisoma.

Limebaki kundi la maneno tusilo nalo bado. Kampuni hizi huwapa wakurugenzi, madalali na wanunuzi wakubwa vyeti vya kuwaruhusu kununua hisa baadaye kwa bei iliyokwisha kupangwa. Hisa hizo hazipo leo, lakini zitakuwepo siku bei itakapopanda, yaani siku ileile unayoisubiri wewe. Taarifa za Kiingereza hutoa hesabu mbili: hisa zilizopo, na hisa zitakazokuwepo vyeti vyote vikitumika. Ya pili napendekeza tuiite idadi baada ya uzimuaji wote, na waraka wowote wa kuuza hisa kwa umma uichapishe ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, kando ya ile ya kwanza. Kampuni yenye hisa milioni 100 na vyeti vya milioni 60 ni kampuni ya hisa milioni 160, na asilimia 1 yako ndani yake ni 0.625.