Kutoka Leseni ya Nguvu Kazi Hadi Cheti Ukutani: Historia Fupi ya Biashara Zetu na Sheria



Kikundi chetu kinapotimiza miaka kumi, wengi watapenda kusoma habari za hisa, mikopo na viwanja tulivyonunua. Hayo yameandikwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo lisilopendeza sana masikioni, yaani habari za leseni, kodi na vyeti. Msikunje uso! Katika miaka hii kumi, kutojua karatasi kumetugharimu fedha nyingi kuliko mkopaji yeyote mkorofi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1972 Bunge lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, iliyosema mtu asifanye biashara bila leseni. Kwa mwenye duka lenye mlango na anwani jambo hilo lilieleweka. Lakini mama mwenye beseni la vitumbua kichwani, mlango wake uko wapi? Kisha ikaja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Serikali ilitaka kila mwenye uwezo afanye kazi inayotambulika, na hapa Dar es Salaam watu wengi walikamatwa mitaani kama wazururaji na kupelekwa vijijini. Kutokana na hapo wafanyabiashara wadogo walianza kupewa leseni zilizojulikana kama leseni za nguvu kazi, na hizo ndizo wengi walizotembea nazo miaka ya 80 na 90.

Mwanachama wetu mkongwe, ambaye sote tunamwita Bibi, aliuza vitumbua miaka hiyo. Hutusimulia jinsi walivyokuwa wakisikia tu "wanakuja", basi beseni linafunikwa kanga na mtu anaingia uani kwa jirani. Alipopata leseni yake aliifunga kwenye pindo la khanga pamoja na fedha. Anasema tangu siku ile hakukimbia tena. Kwake karatasi ile haikuwa kero, ilikuwa miguu ya kusimamia.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, ilianza kazi Julai 1996, ikakusanya pamoja kazi za kodi zilizokuwa chini ya idara mbalimbali za Hazina. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Julai 1998. Desemba 1999 ikaanza BRELA, wakala wa kusajili makampuni na majina ya biashara. Kumbe hata sheria ya majina ya biashara yenyewe ni ya zamani, tumeirithi tangu wakati wa mkoloni. Kwa hiyo mtu asituambie mambo haya yamezuka jana. Yalikuwepo, ila sisi akina mama hatukuwa tumeketi mahali yanapoelezwa.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015, wanawake ishirini na wawili, sanduku moja, kufuli tatu na washika funguo watatu. Tulijua kuhesabu hisa. Sheria hatukuijua. Mwaka 2017 mwenzetu mmoja, mshonaji, alimpa kishoka fulani shilingi laki moja na nusu ili amtafutie TIN na leseni. Alirudi na karatasi nzuri yenye muhuri, ikawekwa kwenye fremu. Baada ya miezi mitano wakaguzi walipita wakasema leseni ni ya kughushi. Akafungiwa cherehani zake mbili na kutozwa faini. Uchungu zaidi ni kwamba TIN hutolewa bure. Mwenzetu alinunua kitu kisichouzwa.

Jambo hilo nusura livunje kikundi. Alikuja kwetu kuomba mfuko wa jamii umlipie faini. Nusu ya wanachama walikataa, wakisema mfuko ule ni wa misiba na maradhi, na hawezi mtu kuvunja sheria halafu wengine walipe. Nusu nyingine walisema hakuvunja, alidanganywa. Tulikaa hadi saa mbili usiku. Mwisho Bibi aliuliza ni nani kati yetu mwenye leseni halali. Mikono iliyonyooka ilikuwa mitatu. Basi kelele zikaisha. Tulimkopesha bila riba, naye alirudisha yote kwa miezi minane.

Kuanzia hapo tukaweka utaratibu: kikao cha kwanza cha kila robo mwaka tunaleta karatasi zetu mezani, na anayejua anamfundisha asiyejua. Haya ndiyo tuliyojifunza, tukiyapanga kwa utaratibu wake.

Kwanza ni jina. Ukifanya biashara kwa jina lako kamili mwenyewe, sheria haikulazimishi kulisajili. Ukiiita Upendo Batiki, inakubidi uende BRELA. Pili ni TIN, kutoka TRA, bila malipo. Unahitaji namba yako ya NIDA. TRA hukukadiria kodi kwa mauzo yako, ndiyo maana daftari la mauzo ni ngao. Wahenga wetu wa biashara walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tunaongeza kwamba kodi bila daftari hukisiwa bila huruma. Tatu ni leseni. Biashara nyingi za kwetu zinapata leseni ya kundi B kutoka halmashauri, nao watataka kuona TIN, uthibitisho kwamba hudaiwi kodi, na mkataba wa pango. Nne ni vibali vya kazi yenyewe. Wanaopika wanapaswa kupimwa afya. Wanaofungasha vyakula, kama siagi ya karanga na unga wa lishe, waende TBS, maana tangu mwaka 2019 kazi ya vyakula na vipodozi ilihamia huko kutoka iliyokuwa TFDA. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, imekuwa ikiwashika mkono wazalishaji wadogo katika safari hiyo.

Angalieni sana: hakuna karatasi moja inayofanya kazi ya nyingine. Hilo tulilipata kwa machozi. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni nne kwa mwaka. Tulishangilia, na kweli vilitupumzisha na ushuru wa kila siku. Lakini wengine walidhani kitambulisho ni leseni ya kudumu na hati ya kukaa popote. Oktoba 2021 wamachinga na mama lishe walipoondolewa kandokando ya barabara hapa Dar es Salaam, mwenzetu wawili walisimama wakiwa na vitambulisho mkononi huku meza zao zikibomolewa. Kitambulisho kilisema wao ni nani. Hakikusema mahali pale ni pao.

Kikundi nacho hakikuachwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne, na usajili wake unafanyika kwenye halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Mwaka huohuo sheria iliagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Tulipokwenda kuomba mara ya kwanza tuliulizwa cheti cha usajili, katiba na akaunti ya benki. Tulikuwa na sanduku na daftari. Tukarudi mikono mitupu, ila tukarudi na orodha. Baada ya mwaka mmoja tulikuwa na vyote vitatu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejea mwaka 2024, nasi tulikuwa tayari na jalada letu.

Leo mikono ikinyooshwa kikaoni, wenye leseni halali ni kumi na tisa. Hatusemi karatasi hazisumbui. Foleni zipo, na gharama zipo. Lakini anayejua karatasi ilikotoka na inachosema hamwogopi mkaguzi wala hamlipi kishoka.

Mshonaji wetu sasa ana cherehani tano. Leseni yake iko kwenye fremu ileile ya zamani. Aligoma kununua nyingine, anasema imkumbushe. Na Bibi bado anayo ile ya nguvu kazi. Imechakaa, haisomeki, haina kazi tena kisheria. Tumemwomba ailete siku ya sherehe muione wenyewe.

Karibuni sana, na miaka kumi mingine itukute na karatasi zetu mezani.