Minara na Kumbukumbu: Misikiti na Makanisa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kama Ushahidi wa Kihistoria

Anayeutazama Mji Mkongwe wa Zanzibar kutoka baharini huona minara ya makanisa ikichomoza juu ya mapaa, ilhali wakazi wake walio wengi ni Waislamu. Insha hii inajenga hoja kwamba jengo la ibada huwa ushahidi wa kihistoria pale tu linapochunguzwa pamoja na mazingira ya ujenzi wake, na kwamba masimulizi yanayolizunguka hayana budi kupimwa kwa tarehe.

Masultani wa Zanzibar walikuwa Waibadhi, na misikiti ya madhehebu hayo ilijengwa bila madoido na, kwa kawaida, bila mnara. Mingi imebanana na nyumba kiasi kwamba mpita njia huweza kuipita asiitambue. Msikiti wa Malindi, ulio wa Wasunni, unatofautiana nayo kwa mnara wake wa mviringo unaochongoka kuelekea juu, mtindo ulio adimu katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo, urefu wa jengo si kipimo cha mamlaka: dini ya watawala ndiyo iliyojificha zaidi.

Makanisa, kwa upande wake, yalikusudiwa kuonekana. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipolifunga soko la watumwa lililokuwa mahali hapo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, alizikwa nyuma ya altare mwaka 1882. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, maarufu kwa jina la Minara Miwili, lilifuata katika miaka ya 1890.

Tatizo la ushahidi linajitokeza Mkunazini. Wageni huoneshwa vyumba vya chini ya ardhi vinavyoelezwa kuwa vilifungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Hata hivyo, jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Kwa sababu hiyo, wanahistoria wameyatilia shaka maelezo hayo. Shaka hiyo haipunguzi ukatili wa biashara ya utumwa, kwani kuwapo kwa soko mahali hapo kumethibitika. Kinyume chake, kuendelea kuegemea vyumba hivyo ndiko kunakohatarisha kumbukumbu ya waliouzwa: ushahidi dhaifu unapoanguka, huweza kuangusha pamoja nao ukweli uliokuwa ukisimama wenyewe.