Malindi hadi Manda, kona iko Garsen

Tandaza ramani ya pwani ya Kenya, uchukue rula. Kutoka kiwanja cha ndege cha Malindi hadi kile cha Manda, kinachohudumia Lamu, ni karibu kilomita 140. Ndege ndogo huzimaliza kwa nusu saa hivi. Hupaa, ikaiacha nchi kavu na kukata Ghuba ya Ungwana, Kipini na mlango wa Mto Tana vikibaki mbali mkono wa kushoto, kisha ikashuka juu ya mikoko ya Manda.

Sasa itafute Garsen. Iko kaskazini ya Malindi na magharibi ya Manda, wima na mlalo, kama pembe ya mraba iliyochorwa na mwalimu ubaoni. Ndege hufuata mshazari. Basi sharti lipande hadi kwenye kona ndipo ligeuke, na safari huzidi kilomita 200. Hata hivyo basi halifiki kisiwani Lamu. Huishia Mokowe, abiria wakashuka na mizigo yao kutafuta boti.

Aliyeileta barabara Garsen ni mto. Tana hutoka Mlima Kenya na Aberdare, hutembea karibu kilomita 1,000, na ukishapita Garsen hutapakaa: vinamasi, vijito, mashamba ya mpunga ya Wapokomo, malisho ya ng'ombe wa Waorma. Kuvuka huko chini ni kuvuka delta nzima. Garsen mto bado ni mmoja.

Enzi za majahazi, saa ya kufika ilipangwa na upepo. Kusi humsukuma nahodha kutoka Malindi kwenda Lamu. Kaskazi humpiga usoni. Barabara ilipokuja, mpangaji akawa mto. Kabla ya daraja, Garsen palikuwa na feri ya kuvutwa kwa mikono. Kamba imetandazwa toka ukingo hadi ukingo, wanaume wameishika, wanavuta kwa pamoja, maji ya rangi ya udongo yakipiga ubavuni. Gari likishapanda, foleni nzima husubiri feri irudi. Mto ukifura feri husimama, na safari ya siku moja hugeuka siku kadhaa.

Daraja liliondoa kamba, si mafuriko. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, liko mbali sana juu ya mto, lakini likijaa na kumwaga, watu wa Garsen ndio wanaohamisha watoto na mbuzi. Mwaka 1997 na 1998 mvua za El Niño ziliizamisha delta. Mwaka 2018 maji yalirudi.

Kisha kuna hofu. Baada ya mashambulizi ya mji wa Mpeketoni, Lamu, Juni 2014, mabasi ya Lamu yalizuiwa kusafiri usiku, yakawa yanakwenda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Umbali ulikuwa uleule, ila saa ziliongezeka, na aliyezilipa ni mama wa Witu, kwenye barabara hiyo, aliyempeleka mtoto hospitali, si mwenye tiketi ya ndege.

Lami kutoka Garsen hadi Mokowe nimeingoja kama walivyoingoja wengi, na ilipotandikwa vumbi na matope ya miaka mingi yalikwisha. Mwishoni mwa 2023 maji yakaifunika barabara hiyo mahali paitwapo Lango la Simba, mabasi yakapanga foleni pande zote mbili, kama zamani za feri.