Barua Isiyo na Stempu

Kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza, na wapinzani wa Rais Kamuzu Banda wa Malawi walisota humo. Leo hapo hapo wilayani Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe, wanaishi watu zaidi ya 50,000 mahali palipokusudiwa 10,000 hadi 12,000. Wengi ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni.

Aliyekimbia Fizi au Uvira, huko Kongo, usiku hakubeba daftari la anwani. Simu imepotea njiani, mama kaangukia nchi nyingine. Hapo ndipo barua ya Msalaba Mwekundu inapofaa. Chimbuko lake ni mwaka 1870, Ufaransa na Prussia zikipigana, ilipofunguliwa ofisi mjini Basel ya kuwapatia jamaa habari za askari waliojeruhiwa au kutekwa. Katika Vita vya Pili vya Dunia raia walipewa maneno 25 tu. Jaribu kuwasalimia shangazi, mjomba na majirani wote kwa maneno 25! Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, barua hizo zilizagaa Maziwa Makuu yote.

Barua yenyewe ni karatasi ya kawaida. Unaandika jina lako kamili na la unayemtafuta, kisha mahali alipoonekana mara ya mwisho: kijiji, chifu, hata kanisa la jirani. Stempu haihitajiki, wala bahasha haifungwi, kwa kuwa barua husomwa njiani. Siasa na habari za jeshi ni marufuku. Mfanyakazi wa kujitolea huifikisha mkononi, naye mpokeaji akipenda hujibu kwa karatasi hiyo hiyo.

Wapo wanaoona haya barua yao kusomwa na mgeni. Mimi naona kusomwa huko kumewapunguzia watu porojo. Kinachobaki ni nani kazaliwa, nani katangulia mbele ya haki, na ahsante kwa jirani aliyemlea mtoto wa mwenzake miaka yote hiyo. Ahsante ya namna hiyo haisemeki kwa simu inayokatika kila dakika. Huandikwa, ikafutwa, ikaandikwa upya.

Siku hizi WhatsApp imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na Msalaba Mwekundu wenyewe huwapigisha watu simu bure. Lakini mwaka 2023 serikali ilipowaamuru wakimbizi wa mijini, wa Lilongwe wakiwemo, warudi Dzaleka kufikia Aprili 15, anwani za watu zilivurugika tena. Na ndugu aliye mahabusu, au kijijini kusikofika mtandao, bado huandikiwa kwa kalamu.